Neno Nililolijua Nusu

Kabale mwanangu,

Nakuandikia nikiwa hapa ghalani, nimekaa juu ya gunia la chumvi, na ngozi zilizoletwa leo zinaningoja. Mwenye ghala amekwenda Meru, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza kwa nini mzee mzima anaandika kama mtoto wa darasa la tatu. Swala ya alasiri imekwisha. Wewe uko nyumbani unapiga pasi nguo zako, na kina mama wa mtaa wanaingia na kutoka kukuaga. Nitakupa barua hii mkononi kabla ya magharibi, kisha nitakwenda msikitini, uisome bila kunitazama usoni. Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Kila nikianza, nakuuliza kama umepata sabuni.

Basi mambo ya sabuni, na ya kufunga sanduku kwa kamba, na ya kutunza barua yako ya chuo, tuyaache. Nimeshayasema mpaka umechoka, na niliyoyasahau Mama Halima jirani yetu amekumalizia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiborana sijui kukiandika, na pia kwa sababu neno linalonisumbua ni la Kiswahili. Nimeishi nalo vibaya miaka mingi.

Alhamisi nilikuwa nje ya chumba natawadha, wewe na kina mama mko ndani na chai. Nikamsikia Mama Halima anakuuliza, "Kabale, wewe hauogopi? Huko Nairobi hauna mtu." Ukamjibu bila kufikiri, "Siogopi, mama. Mimi nimelelewa na mtu ako na imani. Hiyo ndiyo nabeba." Wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama na birika mkononi, maji yote yakamwagika, ikabidi nichote mengine nianze upya.

Ukiondoka kesho na maneno hayo, unaondoka na mtu ambaye hayupo. Nikikwambia ukweli, nadhani nitakupoteza, na sina mtoto mwingine wala sitapata. Nikinyamaza nitakuwa nimekupoteza vilevile, maana utakuwa unampenda mtu mwingine mwenye sura yangu. Nimepima pande zote mbili na hakuna upande mzuri. Naogopa sana, mwanangu. Lakini naandika.

Unachokijua ni hiki. Mama yako Talaso alikuwa dada yangu mdogo. Baba yako alikufa kwa homa kabla hujajua kusema sawasawa. Ukame ukaja, mama yako akafia hapa Isiolo, mimi nikaja nikakuchukua nikakulea. Yote hayo ni kweli. Ila nimekupa mwanzo na mwisho, sehemu ya katikati nikaimeza.

Wakati huo tulikuwa huko nyuma, upande wa Garbatulla, na mimi nilikuwa mtu wa kusikilizwa. Nilikuwa nimesoma kwa sheikh miaka miwili, nafundisha watoto alifu na bee, na zizi langu lilikuwa limejaa. Sheikh alitufundisha nguzo sita za imani nikazishika zote, hata ukiniamsha usingizini nazitaja bila kukosea. Nilidhani mtu akishazishika zile sita, basi imani ameipata, iko kwake kama mbuzi walioingia zizini na mlango umefungwa.

Mvua ya kwanza ilipokosa kuja, watu walinung'unika. Ya pili ilipokosa, wakaanza kuuza, na wengine kugawa mifugo kwa jamaa wa mbali. Sisi tulikuwa tunaiona mvua, ujue. Tulikuwa tunaiona jioni ikinyesha kwenye vilima vya Nyambene, kwa watu wengine, mawingu yamesimama huko hayataki kushuka. Ijumaa moja baada ya swala nikasimama mbele ya watu nikasema mvua itafika kabla ya mwezi mwingine kuandama. Nikasema mtu anayeuza au kugawa ng'ombe sasa anamwambia Mungu kwamba hamtegemei. Nikasema zizini mwangu hatatoka hata ndama, zizi nimelikabidhi kwa Mungu zima. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Maneno hayo yalinipendeza mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo.

Siku chache baadaye mama yako akafika. Alikuwa ametembea siku mbili, amekushika mkono, na mgongoni ana mtoto. Ndiyo, Kabale, mlikuwa wawili. Ulikuwa na ndugu wa kiume, aliitwa Galma, alikuwa hajaanza kutambaa. Najua nimekuficha hata hilo.

Unajua desturi yetu. Mtu akiishiwa, ndugu yake humpa ng'ombe wa kukama. Humpi awe wake, unampa anywe maziwa, na siku mambo yakinyooka anamrudisha. Jambo hilo hata halihitaji dini. Baba yangu alikuwa akisahau swala nyingi kuliko alizokumbuka, na sijawahi kuona akimnyima mtu ng'ombe wa kukama. Kwa hiyo Talaso hakuja kuomba. Alikuja kuchukua kilicho cha kawaida, na ndiyo sababu hakuelewa nilichomwambia.

Nilimwambia, "Subiri mvua. Zizi hili nimemwachia Mungu. Nikianza kutoa, nimeshaanza kuwa na shaka."

Akanitazama usoni. Akasema, "Jattani, Mungu atakasirika kwa ng'ombe mmoja?"

Nikamwambia asikufuru.

Niliwapa kikombe cha maziwa kwa siku, ninyi watatu. Nilitaka kukutajia kikombe hicho ili usifikiri nilikuwa mnyama kabisa. Sasa nikikiandika naona kikombe ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba nilikuwa nawaona. Ng'ombe wanne walikuwa bado na maziwa. Mke wangu wa wakati huo alikuwa akimwongezea Talaso kwa siri, nikamkuta, nikamkataza mbele ya watu. Mwezi ule ule alirudi kwao na hakunirudia tena, na sijawahi kumlaumu.

Siku ya tatu lori la Mama Kathure likafika. Mama Kathure yule yule aliyekuwa akikuletea ndizi, mwenye kibanda cha maharagwe hapa sokoni. Siku hizo alikuwa akizunguka na lori la kukodi huku kwetu, analeta majani ya chai na tumbaku, anachukua ngozi. Mmeru, Mkristo, mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye mikuki, na hakuwa akimwogopa mtu. Akamwona mama yako amelala kwenye kivuli kidogo cha mgunga, Galma kifuani, wewe umekaa kando yao unatafuna mchanga. Akamuuliza mke wangu, akaambiwa. Akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Mzee, hii ni dada yako?"

"Ndiyo."

"Basi patia yeye ng'ombe moja tu ya maziwa. Watoto nakufa."

Nikamweleza mambo ya Mungu na zizi kwa Kiswahili changu cha siku hizo, ambacho unakijua kilivyokuwa. Akasikiliza yote. Halafu akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayeshangaa tu, "Mzee, kwani wewe hauna imani?"

Kabale, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Mimi! Mimi niliyesimama Ijumaa mbele ya watu! Nikapiga kelele, "Mimi hapana imani? Wewe mkristo naambia mimi hapana imani? Mimi naswali mara tano! Mimi nafunga mwezi nzima!"

Akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Mzee, mimi sisemi mambo ya msikiti. Nasema imani."

Nikaona ananitukana mara ya pili. Nikaokota fimbo nikamfukuza mpaka kwenye lori. Hakukimbia vizuri, alikuwa mnene, watoto wa boma wakacheka na mimi nikacheka. Alipofika kwenye lori hakupanda. Alimwita dereva wake, wakarudi pamoja wakipita mbele yangu kana kwamba mimi ni kichaka, wakambeba mama yako na ninyi wawili wakawaweka juu ya ngozi. Mama yako hakunitazama. Nilipaza sauti nikasema mvua itanyesha na atarudi kwa aibu.

Unajua mvua ilivyofanya. Mwezi ukaandama, ukaandama mwingine. Mimi sikuuza wala sikutoa. Niliamini mpaka ng'ombe wa mwisho. Nilikuwa nawachuna mwenyewe kwa mikono yangu huku naomba, na sikuwa na shaka hata kidogo. Watu wengine husema imani yao ilivunjika siku ya shida. Yangu haikuvunjika popote, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo hata nikiwa na damu mpaka kwenye viwiko. Ngozi za kwanza nilizoleta katika ghala hili ninamokaa sasa zilikuwa za zizi langu mwenyewe, nami nikabaki hapa kuzipaka chumvi za wengine.

Nilipofika Isiolo, mwaka mmoja baada ya lori lile kuondoka, niliuliza nyumba ya Mama Kathure. Alinifungulia mlango, akaniweka kwenye kiti, akanipa chai, kisha ndipo akaniambia. Galma alikufa njiani kabla lori halijafika mjini. Mama yako aliishi wiki tano. Nikamuuliza kama alisema neno lolote juu yangu. Nilitaka awe amenilaani, ningejua pa kuanzia.

Mama Kathure akasema, "Alikuwa nauliza tu kama mvua imenyesha kwako."

Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya sketi yake. Watu wananisifu kwa kukuchukua, nawe unawaamini. Sikukuchukua kwa wema. Wazee wa ukoo wetu hapa mjini walikuwa wameanza kuuliza mtoto wa Talaso anafanya nini katika nyumba ya Mmeru, na mimi nilikuwa nimebaki na jina tu, sikutaka kulipoteza na hilo. Ulilia siku nne ukimtaka Mama Kathure. Kukupenda kulikuja baadaye, polepole, sijui siku gani. Hilo ni kweli, lishike, hata kama mengine yote utayatupa.

Sasa lile neno. Ulikuwa darasa la saba. Mwalimu aliwapa maneno ya kutafuta katika kamusi ya shule, ukawa unaandika mezani na mimi natengeneza kamba ya kiatu. Ukasoma kwa sauti, "Imani. Moja, kuyakubali mambo ya dini moyoni. Mbili, huruma." Ukaniambia, "Abba, hii neno iko na maana mbili. Nipe sentensi ya pili." Kamba ikaniponyoka. Nilikuwa nimeishi mjini miaka yote ile, nimesikia watu sokoni wakisema fulani hana imani, amemfukuza mpangaji na watoto, na kila mara nilidhani wanasema haswali. Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia mbuzi wa jirani. Nilisimama nyuma ya choo mpaka miguu ikafa ganzi.

Yule mama hakunitukana. Aliniuliza swali rahisi kabisa. Hauna huruma? Nami nikamjibu kwamba naswali mara tano.

Niliporudi ulikuwa umeshajiandikia sentensi yako. "Baba yangu ni mtu mwenye imani." Mwalimu akaiwekea alama ya sahihi.

Ungetegemea niseme kwamba tangu siku hiyo nilibadilika. Mimi pia nilitegemea hivyo. Kisha ukaja ukame mwingine, ule wa juzijuzi unaoukumbuka, wa foleni za mahindi ya msaada. Mchana mmoja mama mmoja wa Kiturkana alisimama hapo mlangoni petu na mtoto ambaye shingo haikuwa ikisimama. "Baba, saidia unga." Unga ulikuwepo, nusu debe, nyuma ya pazia. Nikasema hakuna. Nilikuwa nawaza wewe utakula nini ukitoka shule. Nilikuwa nimeshajua maana zote mbili za neno, Kabale, nilikuwa nazijua kama jina langu, na nikasema hakuna. Mama yule akasema asante. Jioni ukala, ukaniuliza mbona mimi sili, nikakwambia tumbo linaniuma. Siku ya kwanza nilinyima kwa sababu ya Mungu, siku ya pili kwa sababu yako. Naona nikitafutiwa sababu ya tatu pia sitakosa.

Kwa hiyo sina dawa ya kukupa. Naamini bado, hilo nakuhakikishia. Mungu yupo, sina shaka, asubuhi naamka bila kuamshwa. Kuamini kwangu ni kamili, hakuna tundu. Nililala nako vizuri miaka yote niliyokuwa na damu ya watu. Ile imani nyingine, ambayo Mama Kathure alikuwa nayo hata akiuza maharagwe, nimeitafuta kwa kuswali na kwa kufunga, na kwa kukulea wewe. Kuna siku nilidhani nimeiona. Akija mtu mlangoni, haipo.

Nilikwenda kumwona kabla hajafa, mwaka juzi, wewe ukiwa shuleni. Alikuwa amelala, mwili umeisha, anacheka bado. Nikamwomba radhi kwa ile fimbo. Akasema fimbo ameshaisahau, ila watoto wale waliomcheka anawakumbuka. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia chochote miaka yote hiyo.

Akasema, "Nitamwambia nini? Huyo mtoto ako na wewe peke yake. Nikimwambia, atabaki na nani?"

Ona hapo. Alikuwa na haki ya kunivua nguo mbele yako siku yoyote, na alinyamaza kwa ajili yako, pengine hata kidogo kwa ajili yangu. Mimi sasa nasema, na sijui kama nasema kwa huruma au kwa kutaka kujitua mzigo nikutwishe wewe usiku wa kuamkia safari. Labda hata hili ni lile lile la kukosa huruma. Labda mtu mwenye imani angekuacha uende ukiwa na furaha. Sijui. Nimefikia umri huu na jambo hilo dogo silijui.

Unakwenda kujifunza kuuguza. Watakuja kwako watu, na wewe utakuwa na kanuni, na kanuni zitakuwa nzuri, na za Mungu pengine. Sikwambii uzivunje. Nakwambia tu kwamba siku ile nilikuwa na hakika zaidi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ukijiona una hakika hivyo na mbele yako kuna mtu anakutazama kama Talaso alivyonitazama, mtazame vizuri kabla hujamjibu. Pengine utaweza. Wewe ulikaa mwaka mzima na Mama Kathure ukiwa mdogo, huenda kitu kilibaki. Kwangu huwezi kuwa umekitoa.

Galma amezikwa kando ya barabara ya Garbatulla. Nimekwenda mara nyingi kutafuta mahali penyewe na dereva wa lori lile alinichorea hata ramani, lakini barabara ilichongwa upya na mawe yalisukumwa. Mama yako yuko hapa makaburini, mstari wa mwisho karibu na ukuta. Ulikuwa ukinisindikiza huko kila Idi, ukiona natoa machozi unanishika mkono, unasema, "Abba, pole." Nilikuwa naipokea ile pole.

Sikuombi msamaha. Si wako kuutoa, na wenyewe wamekwenda. Kesho gari linaondoka mapema, na kwa desturi ungekuja uiname nikuwekee mkono kichwani nikubariki. Nitakuwa nimekaa nje. Usije kwa adabu. Ukipita moja kwa moja na sanduku lako, sitakuita, na Mama Halima akiuliza nitamwambia ulikuwa umechelewa. Ninaloomba ni moja tu, huko uendako, watu wakikuuliza ulilelewa na nani, usiwaambie tena kwamba nina imani. Waambie naamini. Hapo hutakuwa umesema uongo.

Miaka yote umeniita Abba nami nikaitika. Barua hii sina haki ya kuitia sahihi kwa jina hilo.

Ni mimi, ndugu ya mama yako,

Jattani